Chotara Mbele ya Mlango wa Shule

Nina ugomvi na riwaya zetu, na leo nautoa hadharani. Chotara katika hadithi za pwani huingia kwa mlango wa chumba cha kulala na kutokea mlango wa mirathi. Baba ni Mwarabu au Mhindi mwenye mali. Mama ni mtumwa, au mtumishi, au mke asiyetambulika. Mtoto anazaliwa, rangi yake inaleta maneno, anateseka, shamba linagombaniwa, mtu anakufa. Basi, kitabu kimekwisha. Lakini jamani, kati ya kuzaliwa na kurithi si kuna miaka ishirini hapo? Na miaka hiyo mtoto wa mjini anaimalizia wapi kama si shuleni, au mtaani akiitafuta shule?

Chukua Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976. Nakipenda kitabu kile na sitamruhusu mtu akidharau mbele yangu. Rangi ya mtoto ndiyo inayowafarakanisha wazazi, na mwisho wa yote ni ardhi: nani ana haki ya kulima, nani ana karatasi. Mwandishi kaiona dhuluma ya damu na dhuluma ya mali akaziunganisha vizuri. Ila mlango mmoja kaupita bila kuugonga, na ndio mlango ninaoutaka mimi: pale mtoto wa damu mbili anaposimama mbele ya mtu mwenye kalamu, na mtu yule anauliza, "Wewe ni nani?" ili aamue kama kiti kipo au hakipo.

Niseme ninapoandikia, ili msomaji ajue jicho langu limekaa wapi. Nipo Mtanda, Lindi. Mtaa wetu una Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamachinga, na watu ambao ukiwauliza kabila wanakutajia mbili, halafu wanacheka. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mshihiri muuza kahawa. Bibi, mkewe, alikuwa Mmwera. Kwa mama ni Wamakonde watupu. Kwa hiyo ukipiga hesabu mimi ni robo tu, ile "pointi faivu" ya vijana wa mjini siifikii. Lakini nywele hazijui hesabu, na jina la ukoo halijui hesabu. Kijiweni naitwa Mwarabu, na wanaoniita hivyo wengine ni binamu zangu.

Tazama maneno yenyewe tuliyonayo. Suriama: limetoka kwa suria, yaani neno linakutajia kitanda cha mama yako kabla hujafungua mdomo. Chotara: hilo linakutaja wewe kama kitu kilichochanganywa. Shombe: hilo ni la kuchekana. Pointi faivu: hilo la kizazi chetu, na angalau lina ucheshi. Yote manne yanazungumzia namna ulivyopatikana. Hakuna hata moja linalosema ulipelekwa wapi baada ya kupatikana. Nadhani riwaya zetu zimefuata njia ileile ya maneno haya.

Na si kwamba historia haikutupa kisa. Imetupa mpaka imemwaga.

Katika Tanganyika ya Mwingereza elimu ilikatwa kwa rangi kama mkate: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, kila kundi na fedha zake, walimu wake na majengo yake, na kipande cha Mwafrika kikiwa ndicho chembamba kuliko vyote. Sasa mweke hapo mtoto ambaye baba yake ni Mhindi mwenye duka na mama yake ni Mmwera. Anakwenda wapi? Hakuna mtu aliyehitaji kumpima damu. Ilitosha kumtazama baba. Baba akimshika mkono, akampa jina lake na kumlipia, mtoto ana ukoo. Baba akikaa kimya, mtoto ni wa upande wa mama, na shule yake ni ya upande wa mama, kama ipo. Mtoto anasimama pale akisubiri mtu mzima aseme neno moja. Wewe mwandishi unayetafuta kisa cha kuanzia, hicho hapo, chukua bure!

Mombasa walikuwa na lao. Shule ya Waarabu ya wavulana ilifunguliwa huko 1912. Miaka miwili nyuma, sheria ya kodi ya 1910 ilikuwa imewahesabu Waswahili wa mji ule, wale wa Thenashara Taifa, katika fungu la wenyeji wa kulipa kodi ya kichwa na ya nyumba kama watu wa bara. Wazee wakahamaki. Wakahangaika miaka na miaka, barua juu ya barua, kutaka wahesabiwe Waarabu, na wakakubaliwa 1952, zilipokuwa zimebaki siasa chache kabla ya uhuru. Wengi huisimulia habari hii kama kiburi cha watu kukataa Uafrika wao. Kiburi kilikuwepo, sibishi. Lakini nyuma ya kiburi kulikuwa na mambo ya tumbo na ya daftari: kodi gani utalipa, kura gani utapiga, na mwanao ataingia shule ipi. Mtu akibadilishiwa jina la asili yake alibadilishiwa pia foleni ya kupanga.

Tanganyika ilipopata uhuru ilifuta. Kuanzia Januari 1962 shule za rangi ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja. Kabla ya hapo, Oktoba 1961, kulikuwa na mjadala mkali bungeni juu ya uraia, kukiwa na wabunge waliotaka uraia ufuate rangi, na Nyerere alisema wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Halafu sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kutuuliza kabila. Ni jambo kubwa, na ukisoma habari za nchi nyingine ndipo unapoliona ukubwa wake.

Zanzibar ikaenda njia nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nafasi za sekondari ziligawanywa kwa asili: Waafrika fungu lao, Waarabu lao, Wahindi lao, Wangazija lao. Waliopanga walikuwa na hoja, na mwandishi mkweli lazima aitaje: kabla ya hapo watoto wa Waafrika walikuwa wachache mno kwenye madarasa ya juu, na nani atakayesahihisha upungufu huo kama si serikali iliyopindua? Ila fungu linataka mtu mzima mzima. Kisiwani, ambako bibi mmoja anaweza kuwa Mngazija, babu Mmanga, bibi mwingine Mnyasa, mtoto ataingizwa fungu lipi? Mtu mwenye kalamu lazima achague mmoja kati ya wazee wanne, na hao watatu waliobaki wafutwe kwa muda wa dakika moja, muda wa kujaza fomu.

Hapa ndipo tuingie kwenye vitabu, maana mimi si mwanahistoria.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyeondoka akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupewa Nobeli 2021, riwaya yake ya kwanza ni Memory of Departure ya 1987. Watu siku hizi wanamjua kwa Peponi, ile Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka kwa Mkuki na Nyota 2022. Nafurahi imetafsiriwa. Lakini kwa kijana aliyemaliza shule na kukaa nyumbani, ile ya kwanza ndiyo yenye kuuma. Hassan Omar ni kijana wa mji wa pwani usiotajwa jina. Nyumba yao ni ya dhiki, baba mlevi na mkatili. Amemaliza shule, anataka kusoma mbele, na anatambua kwamba serikali mpya haina mpango na watu wa asili yake. Mama anamtuma Nairobi kwa mjomba tajiri, aende akaombe.

Tazama Gurnah alichofanya. Hassan ni wa kundi lililohesabiwa kuwa la mabwana, na nyumbani kwao hakuna kitu. Ubwana umebaki usoni tu. Mlango wa serikali unamhukumu kwa utajiri wa watu wanaofanana naye, na mlango wa mjomba, ambao ndio ule utajiri wenyewe, nao unamhukumu kwa umaskini wake. Kote kuwili hapati. Sijasoma kitabu kingine cha pwani kilicholiona jambo hili kwa uwazi huo: kwamba mchanganyiko wa damu unaweza kukunyima pande zote mbili, kwa sababu mbili zinazopingana, katika mwaka mmoja.

Mimi lilinigusa kwa sababu yangu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kuomba ufadhili wa chuo mahali fulani, pahali nisipopataja. Fomu ilikuwa safi kabisa: jina, wilaya, matokeo, kazi ya mzazi. Hakuna rangi, hakuna kabila. Kazi ya mzazi niliandika ukweli, kwamba baba anashona nyavu. Yule dada aliyepokea akasoma jina langu, akanitazama nywele, akasema kwa upole kabisa, tena kama ananisifu, "Nyie Waarabu si mnasaidiana wenyewe?" Halafu akaandika kitu kwa penseli pembeni mwa karatasi. Sikupata. Waliopata walikuwa na alama kama zangu. Ile penseli nimeifikiria sana, kuliko nilivyoyafikiria matokeo yangu ya hesabu.

Kwa hiyo ninaposema fomu zetu hazina kisanduku cha rangi, sisemi kwamba jambo limekwisha. Kisanduku kimehama, kimeingia kwenye jicho la mtu. Na jicho la mtu ni kazi ya mwanariwaya, si ya mwanasheria.

Gurnah mwenyewe aliurudia mji huo katika Desertion ya 2005, na hapa nitamsifu na kumlalamikia kwa pamoja. Mwaka 1899 Mwingereza, Martin Pearce, anaokotwa akiwa hoi na kuishia kupendana na Rehana, ambaye mwenyewe baba yake ni Mhindi na mama yake mtu wa Mombasa. Miaka ya 1950 mjukuu wao, Jamila, yupo Zanzibar, na Amin anampenda, na wazazi wa Amin wanasema hapana, kwa ajili ya habari ya bibi yake. Nduguye Amin, Rashid, anapata nafasi na kwenda kusoma Uingereza. Umeona mgawanyo? Chotara kapewa mapenzi, na asiye chotara kapewa shule. Jamila anapita kwenye kitabu akiwa mzuri, akitamaniwa na kusengenywa. Nilipokuwa nasoma nilikuwa najiuliza maswali ya kishamba: huyu binti darasani alikaa na nani? Mwalimu akiita majina alilitamka lake kwa sauti gani? Rashid kafunguliwa darasa zima, na vitabu, na mitihani, na hofu ya mitihani. Jamila kafungiwa chumbani. Kama mtu mwenye uwezo wa Gurnah anafanya hivyo, basi sisi wachanga tumelirithi tatizo zito.

Sasa M. G. Vassanji, The Gunny Sack, 1989, kitabu kilichopata Tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika. Nimekisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, miezi mitatu, na sijutii hata siku moja. Dhanji Govindji anatoka Uhindi, anafika Zanzibar, halafu anakwenda kufanya duka katika mji mdogo wa pwani yetu ambao mwandishi kauita Matamu. Anaishi na mtumwa, Bibi Taratibu, na wanapata mtoto, Huseni. Baadaye Dhanji anaoa mke wa jamaa zake, kama ilivyopasa. Huseni anakua, anapotea, na baba anaingiwa na kichaa cha kumtafuta, mpaka anatumia fedha za jamaa zake alizowekewa amana. Anauawa.

Msimulizi ni Salim Juma, kitukuu, kijana wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye mama yake ana duka. Weusi wa Huseni umefika kwake kidogo kidogo, kama kahawa iliyotiwa maziwa mara tatu. Ndani ya jamaa zake wanalo neno la Kikachi kwa Mwafrika, "golo", ambalo ndilo neno lao la mtumwa. Nje ya jamaa zake yeye ni Mhindi tu, basi. Na Vassanji, tofauti na wengine, anampeleka kijana wake shule. Kuna darasa, kuna walimu, halafu kuna Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilikuwa ndio daraja la kwenda chuo kikuu kwa vijana wa zama zile. Huko kambini Salim anakutana na Amina, binti wa Kiafrika, na hadithi inapata pumzi mpya. Anamwambia yeye ni Mwafrika pia, na hapo msomaji anacheka na kusikitika, maana Uafrika huo unatajwa wakati unapohitajika.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nimweke Vassanji juu. Ameona kwamba asili ni kitu kinachotolewa mfukoni. Mbele ya jamaa inafichwa, mbele ya Amina inaonyeshwa. Mtu hadanganyi, bibi ni bibi yake kweli. Lakini kila mlango unamtaka atoe bibi mwingine.

(Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, 1999, nimeiacha nje kwa makusudi. Yasmin ni Mhindi, si chotara. Ila kumbuka Denge alisomea Urusi, kwa kuwa milango ya nyumbani haikuwa ya watu wa namna yake. Amil Shivji alipoitengeneza filamu 2021 wengi walizungumzia mapenzi yale. Mimi nilibaki na safari ya Denge.)

Kwa nini nalikazania jambo hili sasa? Kwa sababu Wamarekani wamefika mahali ambapo pananitisha, na naona sisi waandishi vijana tunaelekezwa hapohapo.

Huko vyuo vikubwa vilikuwa vikitazama rangi ya mwombaji ili kusahihisha dhuluma ya zamani. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, Mahakama Kuu ilikataza kutenga idadi maalumu ya viti, viti 16 kati ya 100 katika shule ya udaktari ya Davis, California, lakini ikaruhusu rangi itazamwe kama jambo moja kati ya mengi. Machotara wakawa kitendawili. Sensa ya 2000 ilikuwa ya kwanza kumruhusu mtu kutia alama zaidi ya rangi moja, na fomu za vyuo zikafuata. Wenye mzazi mmoja wa Asia na mmoja Mzungu, wapo waliosema magazetini kwamba kisanduku cha Asia walikiacha wazi kwa kuogopa kupimwa kwa kipimo kirefu zaidi. Wengine wakalaumiwa kwa kumkumbuka bibi mweusi siku ya kujaza fomu tu. Unamwona Salim kambini hapo?

Kisha tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ikavikataza vyuo, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kuipa rangi uzito wakati wa kuchagua wanafunzi. Lakini jaji mkuu, John Roberts, akaacha tundu. Akasema hakuna kinachomzuia mwombaji kueleza katika insha namna rangi ilivyoyagusa maisha yake, na chuo kinaweza kuzingatia hayo, mradi kimtazame yeye kama mtu.

Mnaona, wenzangu? Kisanduku kimegeuka insha! Kijana wa miaka kumi na saba anaambiwa: usituambie wewe ni nani, tusimulie. Na asimulie vizuri, kwa maneno mia kadhaa, kuwe na maumivu na kuwe na ushindi, na msomaji ni ofisa aliyechoka mwenye rundo la insha nyingine mezani. Chotara ndiye anayebanwa zaidi, kwa kuwa yeye lazima achague simulizi moja kati ya mbili alizonazo. Akieleza ukweli wake wote, kwamba siku nyingi rangi haikuwa chochote, na siku moja ilikuwa kila kitu, na kwamba bibi wawili walikuwa wakinuniana jikoni kwa ajili ya wali, insha haitafika mwisho kwa ushindi.

Barack Obama alilijua hili mapema. Kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, si riwaya, lakini kinatufundisha riwaya. Baba Mjaluo wa Kenya, mama Mzungu wa asili ya Kansas. Akiwa na miaka kumi anaingia Punahou, shule ya wenye nacho huko Hawaii, na anaeleza bila kujificha kwamba aliyesaidia mlango ufunguke ni bosi wa babu yake mzaa mama, ambaye alisoma hapo. Yaani upendeleo wake wa kwanza haukuhusu rangi hata kidogo, ulihusu nani anamjua nani. Kisha baba anakuja kutoka Kenya na kualikwa kuzungumza darasani. Mtoto amekwisha kuwadanganya wenzake kwamba ukoo wa baba ni wa kifalme, sasa mwenye ukoo anaingia kwa miguu yake! Ukurasa ule una hofu ya kweli. Mtoto anasikiliza simulizi ya asili yake ikitolewa mbele ya wenye viti, na hana uwezo wa kuisahihisha.

Baadaye, 1990, akiwa rais wa jarida la sheria la Harvard, Obama aliandika barua katika gazeti la wanafunzi akikiri kwamba bila shaka naye amenufaika na mipango ya kusahihisha dhuluma, na akautetea. Naiheshimu barua ile. Lakini darasa la Punahou linanibakia zaidi, kwa sababu barua ina msimamo, na darasa lina jasho.

Najua atakayenijibu. Atasema: Mwarabu wa Mtanda, acha habari za Harvard, kwetu mlango unafungwa na umaskini na umbali. Kweli kabisa. Tangu miaka ya 1970 nafasi za sekondari za serikali zilipangwa kwa mikoa na wilaya, ili mtoto wa Kilwa asishindanishwe na mtoto wa Moshi aliyezaliwa shule ikiwa mlangoni. Kwa watu wa kusini huo ulikuwa msaada, na mimi si mtu wa kuutukana. Na hata hapo kulikuwa na simulizi. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kuingia chuo kikuu kulihitaji kwanza ukafanye kazi, halafu mwajiri na tawi la chama wakuandikie mapendekezo. Yaani mtu mwingine aliandika wewe ni nani, akatia muhuri. Utaratibu ule ulikwisha zamani. Hadithi zake ziko wapi? Balozi wa nyumba kumi anamwandikia mapendekezo kijana ambaye baba yake anamdai balozi deni la duka: hiyo peke yake ni riwaya, na ungeweza kuiweka Kilwa Kivinje bila kubadilisha kitu.

Hatari ninayoiona mimi iko kwetu sisi tunaoandika. Siku hizi kuna mashindano, kuna semina za nje, kuna nafasi za kwenda kukaa ughaibuni miezi mitatu ukiandika. Na fomu zao nyingi zinauliza lilelile la Roberts kwa maneno matamu: tuelezee safari yako, sauti yako, asili yako. Mshikaji wangu mmoja hapa Lindi, mtunzi mzuri wa hadithi za kuchekesha, alijaza moja kwa kumfanya bibi yake kuwa mtumwa. Bibi yake alikuwa muuza vitumbua, tena mkali. Nilimwambia, yule bibi wa vitumbua ndiye angekupatia kitabu. Akaniambia, kitabu sawa, lakini nauli nani atanipa? Tukacheka wote, kisha tukanyamaza, maana jibu sina na yeye analo.

Mimi nina kurasa arobaini za riwaya kwenye daftari. Msichana wa Kilwa Masoko, jina lake la ukoo ni la Kihindi, nyumba yao ni ya makuti, anapeleka fomu. Karani bado hajainua kichwa, na nimekwama hapo tangu mfungo sita, kwa sababu sitaki karani awe mbaya na sitaki msichana awe malaika. Aliyewahi kukaa upande wa karani, akapokea fomu za watu na kuwatazama nywele, nitafurahi akiniandikia alikuwa anafikiria nini.

Na mwenye nakala ya Desertion aniazime. Niliyosoma ilikuwa ya mtu, ameshaifuata, na kuna mambo ya Jamila nataka kuyasoma tena polepole. Nitairudisha na jalada lake.